Mrejesho: tarantula wa Queensland aliyekataa kuchimba

Wakuu, shukrani. Niliuliza kwa nini jike wangu wa Selenocosmia crassipes (tarantula, yaani buibui mkubwa, wa Queensland, Australia) anashinda akipanda kuta za boksi badala ya kuchimba. Aliyesema udongo ni mkavu na haukushindiliwa alipatia. Niliweka sentimita 20 za udongo na vumbi la makumbi ya nazi, nikashindilia kwa ngumi, nikatoboa shimo la kuanzia, la mshazari. Maji namwaga kona moja tu. Usiku wa tatu alikuwa chini, mdomo wa shimo umezungushiwa utando.

Kumpandisha na dume kumegoma. Dume alipiga ngoma mlangoni (anagonga chini kwa miguu kumbembeleza jike), jike akamrukia. Kadibodi niliyowatenganishia ndiyo iliyomwokoa dume. Ushauri wa kumshibisha jike kwanza niliuruka, kosa langu. Halafu mabaki ya mende ninaomlisha yameota ukungu: yatoeni kesho yake, msingoje.