Tovuti ya masomo yenye wanafunzi waliolipa: mabadiliko niyajaribie wapi?

MwalimuHesabu, Lubumbashi

Jambo wote. Ninafundisha uhasibu wa SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu unaotumika Kongo na nchi nyingine za Afrika, kwa njia ya intaneti. Wanafunzi wangu wengi ni vijana wanaotafuta kazi kwenye kampuni za migodi, hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Tovuti ni ya WordPress, masomo yamo ndani ya LearnDash (plagini ya kozi), na uanachama wa mwezi hulipwa kupitia WooCommerce (plagini ya kuuzia). Wachache hulipa kwa kadi, wengi kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money.

Nataka kupandisha toleo la LearnDash, na pia kugawa uanachama uwe wa ngazi mbili. Fundi wangu wa zamani alikuwa akibadilisha moja kwa moja kwenye tovuti hai, mpaka usiku mmoja watu waliolipa wakakuta masomo yamefungwa, kesho yake wana mtihani. Waliokuwa wanalia walinipigia mimi. Fundi mpya anasema tutengeneze nakala ya tovuti, tufanye kazi humo wiki chache, kisha tuirudishe yote juu ya tovuti yenyewe. Ni sawa?

FundiWaRuashi, Lubumbashi

Jambo mama. Nakala, ndiyo. Kuirudisha yote juu ya tovuti, hapana, na hapo nakuomba usikubali hata ukiambiwa ni kazi ya dakika kumi.

Tovuti ya duka yenye kurasa tano inaweza kukaa mwezi mzima bila kubadilika. Yako inabadilika kila saa. Mwanafunzi akibonyeza kwamba amemaliza somo, LearnDash inaandika kwenye hifadhidata, yaani mahali data zote za tovuti zinapokaa. Majibu ya mitihani midogo yanaandikwa humohumo, oda za WooCommerce pia, na tarehe ya kila uanachama kuanza na kuisha. Sasa chukua nakala ya leo, uifanyie kazi wiki tatu, halafu uimimine juu ya hifadhidata hai: aliyejiunga juzi hayupo tena, aliyefika somo la kumi na mbili amerudi la tano, na feza zao mmekwisha kuzipokea. Hakuna hata alama ya kosa kwenye kioo. Utajua wanafunzi wakianza kupiga simu.

Kwa hiyo shika hivi: data inashuka kutoka tovuti hai kwenda kwenye nakala, na kinachopanda ni msimbo peke yake, yaani plagini (programu za kuongezea), kiolezo (sura ya tovuti) na mafaili ya fundi. Ngazi mpya za uanachama, bei na kanuni za nani anaona nini zimo ndani ya hifadhidata, kwa hiyo haziwezi kupanda hivyo. Mwambie fundi aandike kila hatua kwenye daftari anapoifanya kwenye nakala, kisha airudie kwa mkono kwenye tovuti hai. Inachosha, lakini daftari hilo litabaki kwako hata yeye akiondoka.

Sasa nakala yenyewe. Hatari kubwa iko mwanzoni kabisa: mafaili yakinakiliwa, wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, inakuja ikiwa bado inataja hifadhidata hai. Fundi anafikiri anachezea nakala, kumbe anafuta oda za kweli. Nakala iwe na hifadhidata yake, mtumiaji wake na nywila yake. Hayo yawekwe kabla mtu yeyote hajafungua ukurasa hata mmoja. Anwani ya tovuti ibadilishwe kwa amri ya wp search-replace ya WP-CLI (chombo cha kuendesha WordPress kwa amri za kuandika), isibadilishwe kwa SQL ya mkono, yaani amri za moja kwa moja kwenye hifadhidata, maana WordPress huhifadhi mipangilio mingi pamoja na idadi ya herufi zake. Ukibadilisha neno bila idadi, mpangilio mzima unavunjika.

Halafu nyamazisha nakala. Humo mna barua pepe na namba za simu za wanafunzi wa kweli, na kazi za ratiba zinaendelea kukimbia. Mwanafunzi atapokea mara mbili ujumbe kwamba uanachama wake unaisha. Zimeni utumaji wa barua pepe na SMS, ondoeni funguo za kweli za malipo, yaani namba za siri zinazounganisha tovuti na anayepokea malipo. Kama kadi zinapita Stripe (kampuni ya kupokea malipo ya kadi), kuna hali ya majaribio na kadi ya 4242 4242 4242 4242, inakubali tarehe yoyote ya mbele. Kwa malipo ya simu mwombeni anayewaunganishia awape funguo za majaribio. Kwa funguo hai, oda ya kujaribu inaweza kupeleka ombi la PIN kwenye simu ya mtu aliyekaa zake Katuba anakula, naye akiamini akabonyeza, amelipa feza za kweli.

Kuandika WP_ENVIRONMENT_TYPE kuwa staging, yaani kuitambulisha kama nakala ya majaribio, ni vizuri, WordPress inaitambua tangu toleo 5.5 la mwaka 2020, lakini hiyo ni lebo tu. Haizimi barua pepe yenyewe.

Yaya_Ibanda, Bukavu

Aksanti yaya wa Ruashi, umesema sawa. Naongeza kwa wanaotumia Moodle, programu nyingine ya masomo ya intaneti, kama sisi. Kwenye config.php ya nakala, weka $CFG->noemailever = true, inayozima barua pepe zote, kabla ya kuwasha cron (kazi za ratiba). Ukitaka kuziona barua zenyewe zinavyotoka, badala yake tumia $CFG->divertallemailsto, zote zitaelekezwa kwenye anwani yako moja. Ukipandisha toleo la Moodle, hifadhidata haina njia ya kurudi nyuma, unarejesha chelezo tu, yaani nakala ya akiba. Kwa hiyo chelezo ichukuliwe dakika ileile kabla ya kupandisha, tena mjaribu kuirejesha kwenye nakala kwanza.

Na mama, nakala ikae palepale kwenye seva, kwenye anwani ndogo yenye nywila. Kuishusha nyumbani kwa mega za simu, umeme nao ukatike katikati, ni kujitesa. Nywila ni ya lazima: bila hiyo Google inaweza kuifikia, na masomo unayoyauza yakasomwa bure.

MwalimuHesabu

Aksanti sana, nimeelewa kuhusu hifadhidata. Lakini nitajuaje kwamba nakala inafanya kazi? Fundi aliniambia "angalia, yote yanafunguka", na kwangu kweli yanafunguka.

FundiWaRuashi

Kwako yatafunguka daima, mama, wewe ni msimamizi. Msimamizi anapita kwenye milango ambayo kwa mwanafunzi imefungwa. Nafikiri hata usiku ule wa mtihani fundi alikuwa anaangalia kwa akaunti yake.

Tengeneza wanafunzi wa uongo: mmoja ana uanachama hai, mwingine umeisha jana, mwingine amefika katikati ya kozi na ana alama za mtihani, mwingine alilipa oda ikabaki inasubiri. Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika, na kwa malipo ya simu ndiye wa kila siku, maana uthibitisho unachelewa mtandao ukiwa mbaya. Ingia kama kila mmoja wao kwa simu ya kawaida, isiwe ordinateri ya fundi. Uone anachokiona kabla ya kupandisha toleo, kisha baada. Yule wa katikati alama zake zipo? Aliyeisha jana anafungiwa? Anaonyeshwa mahali pa kulipa, au ukurasa mweupe?

Wewe mwenyewe ufanye kazi hiyo, kwa sababu wewe ndiye unajua mwanafunzi wako anatakiwa kuona nini.

Yaya_Ibanda

Na saa ya kupandisha uichague wewe pia. Kwetu ni Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani.

MwalimuHesabu

Kwangu Jumapili asubuhi wanasoma wachache tu, lakini mwisho wa mwezi wahasibu wote wako ndani, hata usiku. Nitachukua Jumapili ya pili ya mwezi. Leo namwandikia fundi kuhusu wp-config na zile funguo za malipo, asianze kabla hajanijibu.