Haipavaiza yangu inachemka gesti ikiendesha programu ya biti 32

Kijana_Tabata: Wakuu habari za mchana. Naandika haipavaiza yangu (programu ya kuendesha kompyuta pepe) kwenye Mac used ya Intel niliyoitoa Kariakoo, natumia Hypervisor.framework ya Apple, yaani gesti (mfumo unaokimbia ndani ya hiyo kompyuta pepe) akigusa anwani ya kifaa ninachoigiza inabidi niisome instrakisheni mwenyewe, niitekeleze, alafu nisogeze RIP (rejista inayoonyesha instrakisheni ya kutekelezwa). Linux ya biti 64 inawaka freshi na keneli inaongea na kifaa bila shida. Sasa nikiendesha humohumo kiprogramu cha biti 32 kinachosoma hicho kifaa, anwani inatoka ya ajabu na programu inakufa. Modi naijua kwa EFER.LMA (biti ya LMA kwenye rejista ya EFER), ikiwa 1 naisoma kama 64. Nakosea wapi?

Sinza_Lowlevel: Hapohapo kwenye LMA mkuu. Daladala kuandikwa Mbagala ubavuni haimaanishi saa hii inaenda Mbagala. LMA inakwambia prosesa imewashiwa mambo ya 64 basi, ila kodi inayokimbia sasa ni ya aina gani unaulizia CS (rejista ya segimenti ya kodi). LMA=1 na CS.L=1 ndo 64 yenyewe, LMA=1 na CS.L=0 ni kompatibiliti (kodi ya 32 au 16 ndani ya mfumo wa 64), hapo CS.D ikiwa 1 unasoma kama 32, ikiwa 0 kama 16. Kwenye VMCS (sehemu prosesa inapotunza hali ya gesti) fungua access rights za CS, biti ya 13 ni L, ya 14 ni D.
Mfano baiti A1, instrakisheni ya MOV inayosoma kutoka kwenye anwani. Kwenye 32 inafuatwa na anwani ya baiti 4, jumla 5. Kwenye 64 inafuatwa na baiti 8, jumla 9, so unameza baiti 4 za instrakisheni ya mbele, anwani inakuwa takataka na RIP inatua sipo. Kuna na 8B 0D, MOV nyingine, namba inayoifuata kwa 32 ni anwani kamili, kwa 64 ni umbali toka instrakisheni inayofuata.

Kijana_Tabata: Daah, A1 naiona hapa kabisa 😂 Si nichukue tu urefu wa instrakisheni kutoka VMCS niache kuhesabu?

Mzee_wa_Rejista: Usiutegemee, kwa EPT violation (gesti kugusa anwani ambayo hujamruhusu, kama ya kifaa chako) Intel hawajaahidi kwamba ile namba itakuwa sahihi, hesabu mwenyewe. Afu usije ukahifadhi modi kwenye variabo ukasubiri gesti abadili rejista za modi, CR0 au EFER, ndo uisasishe, Linux inaruka kutoka 64 kwenda 32 kwa kubadili CS tu na wewe hupati exit yoyote (gesti kusimamishwa na kazi kurudi kwako). Soma CS upya kila exit, gharama yake ni ndogo.
Na wakati wa kubuti, CR0.PE (biti inayowasha protected mode) ikishawekwa 1 CS bado ni ileile ya biti 16 mpaka far jump (mruko unaopakia CS mpya) ipite, kwaiyo base (anwani segimenti inapoanzia) ichukue kutoka VMCS, usiipige mwenyewe selekta (namba iliyomo kwenye CS) mara 16. Hapo wengi wanapotea. Ukiona LMA=0 kagua pia EFLAGS biti ya 17, ikiwa 1 uko vm86 (modi ya kuendesha kodi ya zamani ya biti 16), soma kama 16.

Kijana_Tabata: Nimeweka CS.L, programu ya 32 inasoma kifaa vizuri. Sasa GRUB (programu inayobuti Linux) ndo inagoma, naanza na hiyo base.