Naomba ushauri: dodoso linasema wanafunzi wanaipenda Hisabati, darasani naona kingine

ChakiNaUbao
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Mimi ni mwalimu wa Hisabati shule ya kata, niko mwaka wa mwisho wa uzamili wa elimu. Tasnifu yangu inahusu mtazamo wa wanafunzi wa Kidato cha Pili juu ya Hisabati na jinsi unavyohusiana na alama zao. Data nimeshakusanya, nimekwama, na msimamizi anataka sura ya nne mwezi ujao.

Nilichukua shule nne za wilaya moja zenye wanafunzi kama 600, nikapiga fomula ya Yamane ya kutafuta ukubwa wa sampuli, kwa kosa la asilimia 5, nikapata wanafunzi 240. Dodoso sikulitunga. Nilichukua lile la watafiti Tapia na Marsh la mwaka 2004, sentensi 40, mwanafunzi anachagua kuanzia "sikubali kabisa" (1) mpaka "nakubali kabisa" (5). Nililigawa kwa Kiingereza kama lilivyo, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Shuleni kwangu niligawa mwenyewe, kwingine walimu wa Hisabati walinisaidia.

Wastani umekuja 4.3, alfa ya Cronbach (kipimo cha kama majibu yanakwenda pamoja, mwisho wake 1) ni 0.81. Nilifurahi. Lakini mtihani wa muhula wengi wao wana F, na uhusiano kati ya mtazamo na alama uko karibu na sifuri.

Jana usiku nikaanza kupitia karatasi moja moja. Kuna binti nimemtambua kwa mwandiko tu, maana majina hawakuandika, kila mmoja aliandika juu ya karatasi alama yake ya mtihani tu. Anakaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Nikimwita ubaoni anashika chaki mpaka inalowa jasho. Ameweka vema kwenye "nakubali kabisa" kuanzia juu mpaka chini, mstari umenyooka kama kapiga rula. Amekubali kwamba anaifurahia Hisabati, halafu amekubali kwamba ni somo linalomtisha. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu.

Nifanyeje jamani? Nitupe data zote? Nauli za bodaboda kwenda shule zile nimelipa mfukoni mwangu, na shule mbili ziko mbali kweli.

Mzee wa Takwimu
Marahaba mwalimu. Kabla ya yote nijibu hili: zile sentensi zilizoandikwa kinyume uligeuza alama zake? Katika dodoso hilo ziko 11. Aliyekubali kabisa kwamba Hisabati inamtisha hawezi kupewa 5, anapewa 1. 4 inakuwa 2, 3 inabaki.

KijanaWaTakwimu
Mkuu, alfa 0.81 ni nzuri, wengi wanataka 0.7 tu. Andika sura ya nne umalize shule. Wengi tumepita hivyo hivyo.

ChakiNaUbao
Mzee, sikugeuza. Nilidhani programu inajua yenyewe. Naomba dakika chache.

ChakiNaUbao
Nimegeuza zote 11. Wastani umeshuka mpaka 3.6 na alfa imekuwa 0.52. Sasa nimechanganyikiwa zaidi, nilitegemea ukigeuza alfa ipande.

Mzee wa Takwimu
Hapo ndipo penyewe, mwalimu, na kijana naye asome. Alfa haipimi ukweli wa majibu. Inapima kama majibu yanakwenda pamoja. Wanafunzi wakielewa sentensi, mwenye kuipenda Hisabati atapata 5 kwenye "naifurahia" na 1 kwenye "inanitisha". Usipogeuza, hizo mbili zinavutana na alfa inaanguka, ukigeuza, inapanda. Kwako imekuwa kinyume. Maana yake wengi wamekubali kila kitu bila kujali sentensi inasema nini, na kila karatasi imekwenda pamoja kwa sababu vema zote ziko safu moja. Ile 0.81 iliyokufurahisha ilikuwa inapima mazoea ya kuitikia ndiyo.

Usizitupe. Hesabu ni karatasi ngapi zimekubali sentensi nzuri na pia zile 11. Hayo ni matokeo, yaandike.

BintiPangani
Dada ChakiNaUbao, pole. Nimefundisha kidato cha kwanza na cha pili miaka mingi, naomba niseme yale ambayo namba hazisemi.

La kwanza, lugha. Mtoto amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, ukamwekea sentensi 40 za Kiingereza kuhusu hisia zake. Hisia! Hata kipeo cha pili kwa Kiingereza kinamsumbua, ataelezaje wasiwasi wa moyoni mwake? Tafsiri kwa Kiswahili, kisha mpe mwenzako ambaye hajaona la asili arudishe kwa Kiingereza, mlinganishe. Na ukitafsiri, jihadhari na kukanusha. Ukiandika "Siogopi kipindi cha Hisabati", mtoto asiyeogopa ataona ile "si" naye ataweka "sikubali", akidhani anakuunga mkono. Sentensi za kinyume ziandike bila "si" wala "ha": "Kipindi cha Hisabati kinanitia hofu." Hapo hakuna pa kupotelea. Angalia pia chaguo la katikati. Ukiandika "sina uhakika", wengi wanasoma "sijui jibu", na shuleni asiyejua jibu anachekwa, basi wanalikimbia.

La pili limeniuma kidogo. Umesema umemtambua yule binti kwa mwandiko. Dada yangu, na yeye anajua utamtambua. Wewe ndiye unayemsahihishia mtihani. Angethubutu vipi kukuandikia kwamba somo lako linamtisha? Kule shule nyingine ni vilevile, karatasi zimegawiwa na mwalimu wa somo lenyewe. Mwombe mwalimu wa Kiswahili au wa michezo wa shule nyingine akagawe, wewe usiwe hata kwenye korido. Kila karatasi iwe na namba tu, ili uweze kuiunganisha na alama, zirudi kwenye bahasha iliyofungwa mbele yao waone.

Mwalimu wa Voi
Hamjambo majirani. Huku Kenya nimefanya kazi kama hiyo na wanafunzi wa Gredi ya 8, sekondari msingi. Wetu wanafundishwa kwa Kiingereza tangu Gredi ya 4, kwa hivyo hojaji ya Kiingereza hawakuiona ngeni, lakini kumridhisha mwalimu kulikuwa kulekule. Kilichonisaidia ni kukaa na wanafunzi kumi, mmoja mmoja, kabla ya kugawa hojaji. Unamsomea sentensi, unamwambia: niambie hii inasema nini kwa maneno yako. Usimuulize anakubali au la. Nilibadilisha karibu nusu ya sentensi zangu baada ya siku mbili.

Mkaguzi Mstaafu
Mwalimu, niongeze moja, maana naona wote tumeshaamua kwamba mtoto mwenye F hawezi kuipenda Hisabati. Anaweza. Watafiti Ma na Kishor mwaka 1997 walikusanya tafiti 113 juu ya jambo hili hili, na uhusiano waliopata kati ya mtazamo na ufaulu kwa jumla ulikuwa kama 0.12, mdogo sana. Na kwenye upimaji wa kimataifa wa Hisabati na Sayansi, TIMSS, ndani ya nchi moja wanaolipenda somo hufanya vizuri zaidi, lakini ukilinganisha nchi kwa nchi, Japani na Korea Kusini wako kati ya wanaoongoza kwa alama huku wanafunzi wao wengi wakisema hawalipendi. Kwa hiyo dodoso likishatengenezwa vizuri, bado unaweza kupata uhusiano mdogo. Usiogope wala usilazimishe namba.

Nikiwa kazini nilimwona kijana ameacha wazi swali la maneno la faida na hasara. Nikamsomea kwa Kiswahili, akalimaliza kwenye kiganja cha mkono. Kwa hiyo hata zile F zichunguze: zinapima Hisabati au zinapima Kiingereza? Chukua maswali matano, uwape kwa lugha zote mbili.

Na kabla hujabadilisha chochote, mwandikie msimamizi. Kibali chako kilitolewa kwa dodoso la kwanza. Ukibadilisha, chuo kijue, na afisa elimu sekondari wa wilaya ajue, na wazazi waliosaini fomu waelezwe.

KijanaWaTakwimu
Nimeelewa wakuu, nafuta kauli. Na mimi mwaka jana sikugeuza.

ChakiNaUbao
Mungu awabariki. Nimemwandikia msimamizi leo asubuhi, amejibu nimpigie. Mpango wangu: zile 240 zinabaki kama sehemu ya kwanza pamoja na hesabu aliyosema Mzee. Natafsiri, nakaa na wanafunzi kumi wa shule ambayo haimo kwenye sampuli, halafu narudia kwenye shule mbili za karibu, mwalimu wa Kiswahili ndiye atakayegawa.

BintiPangani, umenisema vizuri, sikuchukia. Leo kipindi cha nne sikumwita yule binti ubaoni. Nilipita dawatini kwake nikamwomba anisomee sentensi moja ya lile dodoso, si ya utafiti, nilitaka tu kujua. Akaisoma vizuri sana, kila neno. Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Mwalimu, inauliza kama tunasoma kwa bidii." Ilikuwa ile ya hofu.

Swali la mwisho: chaguo la katikati niliandike vipi?

BintiPangani
"Mara nyingine ndiyo, mara nyingine hapana." Lijaribu kwa wale kumi kwanza.