Nilipimiwa mkorogo nikaambiwa ni krimu ya Kikorea. Uso wangu umeharibika

Wadau, habari za usiku. Saa sita na nusu hii sijalala, kwa sababu nikilaza shavu kwenye mto linawaka kama limepakwa pilipili. Basi acha niandike.

Juzi daktari wa ngozi amenitazama uso na kuniambia kwamba krimu ya usiku niliyouziwa hapa katikati ya jiji la Nairobi, eti "ya Kikorea ya chunusi", imeniacha na kila dalili ya steroidi, ile dawa ya kukandamiza uvimbe. Nimeipaka kwa miezi minne. Kila usiku, baada ya kumlaza mtoto, naosha uso, napaka, namshukuru Mungu kwamba hatimaye nimepata dawa.

Ili mjue kwa nini nina hasira hivi, lazima nirudi nyuma. Chunusi zilinianza nikiwa kidato cha pili, na sasa nina miaka 29. Bwenini nilikuwa nalala na dawa ya meno usoni. Nimepaka ndimu, nimepaka ute wa yai, nimepaka shubiri mpaka shati la shule likawa na madoa ya manjano. Shangazi yangu alisema nikizaa zitaisha. Nimezaa, mtoto ana miaka minne, hazijaisha. Kwenye matatu ya Umoja mtu nisiyemjua hunigeukia akaanza kunieleza habari za mkojo wa asubuhi, watu wote wanasikia. Kila mtu ana dawa ya uso wangu. Harusi ya dada yangu, 2019, hakuna picha hata moja ambayo sijajificha nyuma ya bega la mtu. Hayo ndiyo maisha ambayo yule msichana wa dukani aliyaona usoni mwangu nilipoingia, akajua huyu atanunua chochote.

Na mimi sikuingia kichwa kichwa. Nilikuwa nimesoma habari za vipodozi vya Kikorea karibu mwaka mzima. Kilichonivuta kwa Wakorea hakikuwa zile hatua kumi za kutunza uso zinazosifiwa; nani ana hatua kumi na maji ya ploti yanakuja mara mbili kwa wiki? Kilichonivuta ni ile fikira yao kwamba ngozi yenye chunusi haipigwi vita. Miaka yote mimi nilikuwa naisugua kwa sabuni ya kipande mpaka ikaze, nikidhani kukaza ndiko kutakata. Kumbe ngozi ina ukuta wake wa mafuta unaozuia maji yasitoke na uchafu usiingie, na nilikuwa naubomoa kila asubuhi kwa mikono yangu. Wao jioni wanaosha mara mbili: kwanza klenza ya mafuta ili iyeyushe sanskrini (krimu ya kukinga jua) na vumbi, halafu povu laini. Kisha tona (maji maji ya kupaka baada ya kuosha), kitu cha kutia unyevu, na asubuhi sanskrini bila kukosa. Hiyo sanskrini ndiyo iliyonigusa zaidi, maana kwetu sisi weusi chunusi ikipona huacha doa jeusi, na jua hulikoleza. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, tena juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya Julai inatudanganya tu.

Zamu yangu ya chama, kile cha kuchangiana pesa, ilifika mwezi wa tatu. Wengine walinunua magodoro. Mimi nilitoa shilingi 11,400 kwa ajili ya uso: klenza ya mafuta 2,200, povu 1,500, tona 1,900, esensi ya ute wa konokono 2,300, sanskrini 2,000. Vitano hivyo vilikuwa kwenye maboksi yake, vimefungwa, na maandishi ya Kikorea. Hivyo sina ugomvi navyo. Cha sita ndicho kilichonimaliza: krimu ya usiku, shilingi 1,500.

Duka ni moja ya zile eksibisheni, vibanda vidogo vya vioo, ghorofani. Msichana aliinama chini ya kaunta akatoa ndoo nyeupe, akachukua kijiko cha chai cha stili, akaanza kuchota na kujaza kikopo cha plastiki mbele yangu. Alipojaza, alikigonga kikopo mara tatu juu ya kioo ili krimu ishuke, akaongeza nusu kijiko, akafuta mdomo kwa tishu na kubandika stika. Stika yenyewe imechapwa kwa printa, ina picha ya msichana wa Kikorea anayecheka. Hakuna viungo. Hakuna tarehe. Hakuna jina la kiwanda. Nilimuuliza, akanijibu, "Mrembo, hii inatoka Korea kwa ndoo, sisi tunawapimia wateja ili wasiumie bei."

Nikakubali. Tunanunua mafuta ya kupima, unga wa kupima, hata marashi ya kupima. Nikaona ni yale yale. Najilaumu kwa hilo kila siku.

Siku ya tano chunusi zilikuwa zimelala. Wiki ya pili uso uling'aa mpaka mama mboga akaniuliza kama nina mimba. Nilipiga picha bila kujificha. Niliwatuma watu wanne kwenye duka lile, wadau, wanne, mmoja wao binti wa jirani ambaye hajamaliza hata shule.

Mwezi wa tano nikaenda matanga Voi, nikasahau kikopo nyumbani. Siku ya tatu uso ukaanza kuchoma. Nilidhani ni jua la Voi. Ukavimba, ukawasha, nikawa naukanda kwa kitambaa cha maji baridi huku watu wanakuja kunipa pole wakidhani nalia marehemu. Nikarudi Nairobi, nikapaka, asubuhi umetulia. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Badala yake nilikimbia kununua kikopo cha pili, nacho kilikuwa kimepanda hadi 1,800.

Mwezi wa saba vipele vikatoka kuzunguka mdomo na kidevu, vidogo vidogo, vyote saizi moja kama punje za mtama. Hazikuwa chunusi zangu. Zangu nazijua, nimeishi nazo zaidi ya miaka kumi. Mashavu yakaota vinywele virefu, ngozi ikawa nyembamba, inang'aa kama karatasi iliyopakwa mafuta. Hata maji matupu yakawa yanachoma.

Nikarudi dukani. Yule msichana aliniangalia, akasema, "Hiyo ni ngozi inatoa sumu, vumilia mrembo, ongeza kiasi." Ongeza kiasi! Nimesoma baadaye: ule mlipuko wa vipele wa mwanzoni watu wanaouzungumzia huletwa na vitu vinavyoharakisha ngozi kujibadilisha, kama retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A) na baadhi ya asidi, tena huja wiki za kwanza. Hauji baada ya miezi minne kwa krimu ya kulainisha. Nilipoomba pesa zangu alinionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mwenye duka nilipompigia alisema wengine hawalalamiki, mbona mimi. Siku iliyofuata namba yangu ikawa haipiti.

Kwa daktari nililipa shilingi 4,000 ambazo zilikuwa za karo ya chekechea. Hakunipima mengi. Aliniuliza, "Ilikutuliza kwa siku ngapi?" Nikasema tano. Akaweka kalamu chini. Akasema hakuna dawa ya kweli ya chunusi inayosafisha uso kwa siku tano. Za kweli huchukua wiki sita, nane, hata kumi na mbili, na watu wengi huziacha kabla hazijaanza kazi. Akauliza, "Na ukiacha, inawaka?" Sikujibu. Nilianza kulia.

Alivyonieleza ni hivi. Steroidi hukandamiza uvimbe. Wekundu unapotea, kipele kinashuka, mtu anadhani amepona. Lakini kilicholeta chunusi kiko pale pale: mafuta yanayoziba vitundu vya ngozi, na bakteria wanaojilia humo. Wakati huo ngozi inakonda, na dawa yenyewe inazaa vipele vyake. Ukiacha, uvimbe wote uliokandamizwa unarudi kwa kishindo, unapaka tena utulie, ndiyo umeshafungwa. Ni dawa halali ikiandikwa na daktari kwa ugonjwa wake na kwa muda wake. Kuificha kwenye kikopo cha urembo ni jambo lingine. Korea kwenyewe ni marufuku kuitia kwenye vipodozi, kwa hivyo hata hilo jina la Korea wameliiba.

Sasa niko kwenye vidonge vya antibayotiki, povu laini na sanskrini ile ile niliyonunua kwenye boksi. Vingine vyote amenikataza mpaka ngozi itulie. Ameniambia wiki za kwanza zitakuwa mbaya. Ni mbaya. Mwanangu jana ameniuliza kama uso wangu unauma, akanipulizia.

Ambao mna vikopo vya kupima nyumbani, nawaomba sana: kama kilikutuliza kwa siku chache na ukiruka siku unawaka, nenda kwa daktari nacho mkononi. Usikitupe na usijitibu mwenyewe. Na mnaponunua, taka boksi lenye viungo vyote. Kwenye vya Kikorea, tarehe yenye neno 제조 ni ya kutengenezwa, na inayofuatwa na 까지 ndiyo ya mwisho wa matumizi. Wengi tunazichanganya, na wauzaji wanajua hivyo.

Najua mtaniuliza jina la duka: sitalitaja hapa. Sitaki wapate nafasi ya kunigeuza mimi mshtakiwa. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inanipa haki ya bidhaa yenye ubora, haki ya kuelezwa ninachonunua na haki ya kulipwa fidia nikiumizwa. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Ujumbe wa M-Pesa ninao wa mara zote mbili, picha za kila mwezi ninazo, na barua ya daktari ninayo.

Ninachotafuta ni wenzangu. Kama ulinunua krimu ya usiku iliyochotwa kwenye ndoo nyeupe, stika ya msichana anayecheka, kati ya mwezi wa tatu na wa saba, niandikie ujumbe wa faragha. Wale wanne niliowatuma nimeshaongea na watatu. Mmoja uso wake ni kama wangu. Binti wa jirani bado sijampata, simu yake imezimwa na mama yake anasema amerudi shule, na kikopo amekwenda nacho. Kesho alfajiri napanda gari kumfuata huko shuleni kabla sijaenda popote pengine.