Kuzuia kelele chumba cha kurekodia vokali: trei za mayai, kibanda, au kuna njia nyingine?

Biti_za_Mafiati

Wakuu habari za saa hizi. Nina chumba cha mita 3 kwa 3.5, nyumba ya kupanga hapa Mafiati, Mbeya. Ukuta ni tofali za kuchoma zilizopigwa plasta, dari la jipsamu, juu bati. Dirisha moja la alminiamu la kusukuma, mita 1 kwa 1, linatazama barabara. Mlango ni wa flashi. Maiki ni kondensa ya kadioidi (inasikia zaidi mbele kuliko nyuma).

Shida zangu ni tatu: bajaji na malori yanaingia kwenye rekodi, maongezi ya chumba cha pili yanasikika, na vokali yenyewe, yaani sauti ya mwimbaji, inatoka kama mtu anaimba bafuni. Kuna wanaoniambia nibandike trei za mayai ukuta mzima, wengine nijenge kibanda cha plaiwudi humo humo ndani. Bajeti ni laki tatu na nusu, na mwenye nyumba hataki ukuta uguswe zaidi ya matundu ya skrubu. Nianze na nini? Na mvua za Novemba zikifika itakuwaje?

Sauti_Kavu

Mkuu, trei za mayai waachie wenye kuku. Ni karatasi nyepesi, na kinachozuia sauti kupita ni uzito. Kwenye mwangwi zinagusa kidogo tu sauti za juu, zile za "s" na "t", halafu sauti za kati zinabaki zinazunguka chumbani. Matokeo yake vokali inakuwa nzito na bado ina bafu. Juu ya hapo zinashika moto haraka.

Ulichoandika ni matatizo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. Malori na majirani ni sauti inayopita. Dawa yake ni uzito na kuziba nafasi. Bafu ni sauti yako mwenyewe inayogonga ukuta na kurudi. Dawa yake ni kitu kinene chenye vinyweleo kinachoinyonya. Blanketi halizuii lori, na plaiwudi haiondoi bafu.

Ukuta wako wa tofali na plasta hauna shida, usiutupie hata shilingi. Angalia mlango. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 ukiwa na uwazi wa sentimita 2 kwa chini, huo uwazi ni asilimia 1 ya mlango mzima. Kwa hesabu ya kawaida ya sauti, uwazi wa asilimia 1 hauruhusu mlango kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata mlango wenyewe ungekuwa wa chuma cha benki. Ndiyo maana mtu anaongeza mbao juu ya mbao na hasikii tofauti.

Usiku washa taa kali ndani, zima za nje, funga mlango, kisha zunguka uangalie. Kila panapopenya mwanga, sauti inapita. Fremu ya mlango zungushia raba ya mlango wa gari, inauzwa kwa mita kwenye maduka ya spea. Chini pigilia ukanda wa tyubu ya gari ulalie sakafu kidogo. Ukiona mlango unafungika kirahisi kama zamani, raba haijabanwa. Lazima usukume kidogo ndipo kitasa kishike.

Fundi_wa_Dari

Naongezea dirisha, maana hapo ndipo bajaji zinapoingilia. Alminiamu ya kusukuma haizibi kabisa: ina brashi za manyoya tu na matundu ya kutolea maji chini ya reli.

Tengeneza kizibo. Nunua karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, ikatwe katikati. Unapata vipande viwili vya mita 1.2 kwa 1.2, kwa hiyo kizibo kinalalia plasta sentimita 10 kila upande wa dirisha lako. Vipande vyote viwili vibane pamoja kwa skrubu, katikati michirizi ya silikoni. Upande unaotazama ukuta zungusha raba ile ile ya mlango wa gari, mita 5 zinatosha. Kisha bolti sita ukutani zenye nati za masikio, ili uibane na kuitoa kwa mkono.

Kina cha dirisha kati ya kioo na kizibo usikijaze plaiwudi. Weka blanketi pembeni pembeni tu, hewa ibaki. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kioo na kizibo visitikisike kama kitu kimoja.

Mambo mawili ya kuangalia. Kizibo kinafika kama kilo 30, kibebeni wawili. Na kama dirisha halina nondo, hiyo ni njia yako ya pili ya kutokea moto ukitokea, kwa hiyo usikipigilie misumari.

Sasa maongezi ya chumba cha pili. Panda darini na tochi. Nyumba nyingi za kupanga ukuta wa kati unaishia kwenye dari, haufiki bati. Sauti inapanda kwenye jipsamu yao, inatembea juu, inashuka kwenye yako. Dawa ya kweli ni kupandisha tofali hadi bati, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Ukishindwa, ongeza tabaka la pili la jipsamu chini ya hilo lililopo: chumba chako ni mita za mraba 10.5, karatasi 4 zinatosha. Maungio ya tabaka la pili yasikutane na ya kwanza, na kingo zote zizibwe silikoni. Kabla ya hapo hakikisha mbao za dari ni nzima, maana unaongeza kilo 70 na zaidi juu ya kichwa chako.

Mvua sikudanganyi. Bati likipigwa linakuwa ngoma, na dari jepesi haliwezi kulizuia. Kinachosaidia ni kitu kizito kinachonata kwenye bati lenyewe kwa chini, kama utepe wa lami wa kuzibia paa. Ukifunika theluthi moja ya kila bati mlio unapungua ukali, lakini mvua ya Mbeya ikikaza bado utaisikia. Kuanzia Novemba hadi Aprili panga vokali asubuhi, mchana fanya miksi.

Binti_Uyole

Wakuu mmejenga vizuri ila mmesahau maiki 😀 Hapo ndipo kuna desibeli za bure.

Kadioidi haisikii vizuri mgongoni kwake. Kwa hiyo mgongo wa maiki uelekee dirisha, maana yake mwimbaji ndiye anayetazama dirisha. Wengi wanafanya kinyume: mwimbaji analipa dirisha mgongo, maiki inatazama dirisha moja kwa moja. Usitarajie muujiza, kwenye mngurumo wa lori kadioidi haibagui sana, lakini honi na bajaji utaona tofauti.

Umbali nao. Ukitoka sentimita 40 kuja 20, vokali inapanda kama desibeli 6 juu ya kelele. Kushusha geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) peke yake hakusaidii kitu, unashusha vyote kwa pamoja. Kaa kati ya sentimita 15 na 20, weka kichujio cha pumzi, na ukate masafa ya chini ya hezi 80 kwa kitufe cha maiki au kwenye programu. Stendi isimame juu ya zulia lililokunjwa mara nne, mtikisiko wa malori unapanda kupitia sakafu.

Sasa bafu. Tengeneza fremu nne za futi 4 kwa 2, kina inchi 4. Mbao za paina za Mafinga, inchi 1 kwa 4, zinauzwa futi 12: ubao mmoja unatoa futi 4 mbili na futi 2 mbili, fremu moja kamili bila kipande cha kutupa. Kata ndefu kwanza. Msumeno unakula milimita chache kila mkato, upungufu uangukie kwenye zile fupi, nazo ndizo zinazoingia katikati ya ndefu.

Ndani jaza mablanketi ya mitumba, mazito, mawili ya kitanda kikubwa kwa kila fremu. Ukilikunja moja linatoa tabaka 6, mawili 12, na hapo unafika karibu inchi 4 bila kuyakandamiza. Ukiyakandamiza yanakuwa kama ubao na yanaanza kurudisha sauti. Kupima blanketi sokoni: libane mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa shida kidogo, ndilo. Isipopita, liache. Ikipita kama chandarua, liache pia. Kwa sababu hiyo hiyo funika kwa kitenge chepesi au shuka, kamwe siyo ngozi ya sofa.

Fremu mbili ziweke nyuma ya mwimbaji kama herufi V, maana maiki inatazama huko na mwangwi mwingi unaoingia unatokea huko. Ya tatu ubavuni, ya nne ning'iniza juu ya kichwa. Ziache sentimita 10 kutoka ukutani: zinanyonya hadi masafa ya chini zaidi, na kwa baridi ya Juni na Julai huku kwetu blanketi lililogusa ukuta wa nje linaota ukungu.

Biti_za_Mafiati

Shukrani sana wakuu. Kwa hiyo kibanda nisijenge kabisa? Jamaa ana plaiwudi ananiuzia, mita 1.2 kwa 1.2.

Sauti_Kavu

Cha ukubwa huo hapana. Kuta zikiwa mita 1.2 pande zote mbili, zote zinavuma karibu na hezi 143, katikati kabisa ya sauti ya mwanaume. Kila noti ya hapo itaruka kuliko nyingine, na hakuna ikwalaiza ya kuirekebisha vizuri. Kukausha hilo unahitaji unene ambao hautakuachia nafasi ya kusimama.

Na hewa. Ukiziba sawasawa, mtu anaimba ndani ya mita 3 tu za ujazo. Dakika 20 atoke. Ukitaka akae zaidi, unahitaji njia ya hewa ya kupindapinda, sanduku lenye kona tatu lililobandikwa sponji ndani, moja chini la kuingiza na moja juu la kutoa, na feni ya kompyuta ikizungushwa kwa volti 7 badala ya 12 isilie. Hapo laki tatu na nusu yako imekwisha na dirisha bado linavuja.

Fanya hivi: raba ya mlango wiki hii, kisha fremu nne, kisha kizibo. Dari mwisho, kama bado utalihitaji. Kabla na baada ya kila hatua rekodi sekunde 30 za ukimya bila kugusa geini, saa ile ile ya siku. Kwenye mita ya programu, vokali ikigonga kati ya desibeli -18 na -10 na ukimya ukakaa chini ya -60, acha kununua vitu.

Fundi_wa_Dari

Hiyo plaiwudi ya jamaa ikiwa ni ya milimita 18 usiiache, ni kizibo hicho. Vipande viwili tu, vilivyonyooka. Kikiwa kimepinda raba haitabana kona zote.