Bendi ya meli ya kitalii: Civitavecchia hadi Roma inawezekana?

Nyuzi_Sita: Wakuu, naanza mkataba wa gitaa kwenye meli ya kitalii, Mediterania. Pasipoti ya Kenya. Civitavecchia, bandari ya kwendea Roma, meli inafunga gatini saa 1 asubuhi, kupima sauti saa 10 jioni. Roma nitawahi?

Mzee wa Gati: Anza na viza, treni baadaye. Sheria za mipaka za Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) zinaruhusu nchi kumshusha baharia bila viza, akiwa na kitambulisho cha ubaharia na jina kwenye orodha ya wafanyakazi wa meli, lakini ndani ya manispaa ya bandari na zinazopakana nayo tu. Roma haimo. Bandari ya Livorno ni afadhali: Pisa inapakana nayo. Florence sahau. Wasanii wanaopanda meli kwa maonyesho machache tu huenda wakaandikwa kama abiria. Hapo ruhusa hiyo haiwahusu. Uliza ofisi ya wafanyakazi melini.

Kinanda Baharini: Mwenye viza: basi la bandari hadi kituo cha mabasi cha Largo della Pace, kisha stesheni ya treni. Shuka Roma San Pietro, takriban dakika 50, karibu na Vatikani. Termini, stesheni kuu ya Roma, ni kupoteza muda. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo faini. Usirudi na treni ya mwisho inayokuwahisha, chukua ya kabla yake, maana migomo Italia haiishi. Na wafanyakazi hutakiwa melini mapema kuliko abiria.

Mzee wa Gati: Tazama pia zamu ya dharura. Ukipangiwa kubaki melini, hushuki.