Majiko 400 na mkataba wa kaboni: tukague nini kabla ya kutia sahihi?

Katibu_Kawangware: Wadau, hamjambo. Kikundi chetu kina nyumba 400 zinazopikia makaa. Kampuni inataka kutupa majiko mapya bure, mradi kila mama atie sahihi fomu ya ukurasa mmoja inayowapa haki za kaboni kwa miaka 10, yaani haki ya kuuza hati za moshi uliopunguzwa na majiko hayo. Wanadai kila jiko litaokoa tani 3 za hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) kwa mwaka. Hesabu hiyo inasimama? Na tudai nini?

Mizani: Haisimami. Tuseme nyumba inapunguza nusu kilo ya makaa kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 182. Kilo moja ya makaa ikiungua hutoa takribani kilo 3.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo mnapata kama kilo 600. Mtu akiongeza moshi wa tanuri kule makaa yanakochomwa, idadi inapanda, lakini kabla ya hapo kuna kigezo kinachoamua kila kitu: ni sehemu gani ya miti inakatwa bila kuota tena? Inayoota tena huinyonya hewa hiyo, kwa hiyo haihesabiwi. Wakiandika asilimia 90, kilo 600 zinabaki 540. Wakiandika 35, zinabaki 210. Ombeni waonyeshe namba waliyotumia na walikoitoa. Utafiti uliochapishwa 2024 katika jarida la Nature Sustainability uliona miradi ya majiko iliyochunguzwa ilipewa hati za kaboni takribani mara 9 ya ilichostahili, na kigezo hiki ni mojawapo ya sababu.

Wakili_wa_Mtaa: Katibu, msitie sahihi fomu hiyo. Sheria ya Kenya ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, iliyorekebishwa 2023, inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi ya mwaka uliotangulia.

Mizani: Samahani wakili, hiyo 40 ni ya miradi ya ardhi, kama misitu. Isiyo ya ardhi, kama majiko, ni 25.

Wakili_wa_Mtaa: Kweli, nimesahihishwa. Na mtego uko kwenye maneno "baada ya kuondoa gharama": asilimia hiyo huhesabiwa kwenye mapato yanayobaki gharama za mradi zikishatolewa. Gharama ziorodheshwe ndani ya mkataba moja moja, la sivyo 25 hiyo itakuwa ya sufuri. Ulizeni pia mnunuzi wa hati hizo ni nani. Ikiwa ni nchi nyingine chini ya Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris (makubaliano ya dunia kuhusu tabianchi), lazima Kenya itoe idhini, kisha irudishe tani hizo kwenye hesabu yake yenyewe ya moshi inaotoa, ili nchi mbili zisidai akiba ileile. Waleteeni swali hili: barua ya idhini iko wapi?

Mama_Jikoni: Upimaji nao, dada, usiachiwe kampuni peke yake. Chukueni nyumba kadhaa, pimeni makaa kwa mizani ya kuning'iniza, saa ileile, siku 3 mfululizo, kabla ya jiko jipya na baada. Andikeni watu waliokula kila siku, maana mgeni mmoja anaharibu wastani. Makaa yawe makavu. Yaliyonyeshewa yana uzito wa maji. Msipime kwa mkebe, mikebe haifanani. Na angalieni jiko la zamani: githeri ikichemka kwenye jiko jipya huku chapati zinapikwa kwenye lile la zamani, akiba mnayoiona ni ya karatasi. Kila jiko liwe na namba yake iliyogongwa kwenye bati, ili lisiandikishwe tena na mradi mwingine.

Katibu_Kawangware: Asanteni sana. Fomu tunairudisha kesho bila sahihi, na maswali haya yote tunayaweka kwa maandishi.